Kuku wa Kananu Amewika

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua kibanda kulipopambazuka. Mahindi, maji. Mayai mawili tu. Kuku wamezeeka na mimi sina haraka nao. Wanafukua chini ya migomba, wanarudi, wanalala. Marehemu mke wangu Kananu angesema nimewadekeza.

Mama Kinya hatagi kabisa. Sisemi jirani, nasema kuku. Kananu alimwita kila kuku kwa jina la mwanamke wa chama chao cha akina mama aliyempa zawadi, na huyu mwekundu alitoka kwa Mama Kinya wa ng'ambo ya mto. Alinyonyoka manyoya mwezi uliopita. Yanayoota sasa ni marefu, yanang'aa shingoni. Kilemba kimeiva kama pilipili. Nilidhani ni afya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemshika nimtazame vizuri. Nyuma ya mguu kumeota ule mwiba wa jogoo, wa kupigania. Miguu yote miwili. Nimeugusa. Ni mgumu. Chini ya mdomo zimening'inia zile nyama nyekundu kama ndevu.

Ni yeye. Uzi upo mguuni, ule wa rangi ya damu ya mzee, Kananu alioufumua kwenye sweta ya shule ya mwanangu Mwenda iliyochakaa. Kuku wote wa zawadi aliwafunga uzi huo ili wasiuzwe kwa bahati mbaya. Alikuwa akiulowesha mate kwanza, kama anatunga sindano.

Nimemweka chini. Akajikung'uta, akatembea kifua mbele.

Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Amewika.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na debe la maji. Jogoo wetu, aliyeanguliwa na Mama Kinya mwenyewe, aliwika kwanza, kisha Mama Kinya akapanda juu ya gogo, akanyoosha shingo, akatoa sauti. Haikuwa nzuri. Kama mlango usiotiwa mafuta. Alirudia, na mara ya pili ilikuwa ya jogoo kamili.

Maji yalimwagika kwenye viatu vyangu. Nimeishi miaka mingi na kuku na sijawahi kuona jambo hili. Nilimsikia bibi yangu akisema lipo. Alisema pia kinachofanywa likitokea.

Wanjira alitoka nje akiwa ameshika kiuno. Ni mke wa mwanangu Mwenda, mtu wa Ishiara, na ana mimba kubwa. Aliuliza kama tumenunua jogoo wa pili. Nikasema hapana. Akatazama kibanda, akanitazama mimi. Akarudi ndani.

Jumapili, 9 Machi

Habari imefika kanisani kabla yangu. Baada ya ibada wanaume walinizunguka. Kila mmoja ana lake. Mmoja anasema achinjwe siku hiyo hiyo. Mwingine anasema asiliwe, azikwe. Mwingine anasema akiwika mara tatu nyumba hiyo inatoa mtu. Ndugu yangu Mutuma akasema mbele ya wote, "Hii nyumba imeshatoa mtu. Inataka kutoa wangapi?"

Nilikasirika. Kisha sikukasirika tena, kwa sababu ameongea kwa uoga. Alimpenda shemeji yake.

Kananu aliondoka Agosti. Kwenye mazishi walichinja kuku wote wasio na uzi. Wenye uzi walibaki sita, na jogoo asiye na uzi, aliyeachwa kwa ajili ya mbegu. Hakuna aliyeniambia niwaache. Kila Jumapili nilifikiria mboga, nikashika mmoja, nikaona uzi, nikamwacha. Ndiyo hivyo tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Kinya mwenyewe amekuja. Alianza kucheka akiwa bado langoni.

"Nasikia nimeota ndevu kwako, Baba Mwenda."

"Umeota na miiba ya miguu."

"Na nani atanioa tena, na uzee huu?"

Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini mara ya mwisho. Kisha nikampeleka kibandani, na kuku akatoka, akamzunguka akiwa ameburuza bawa moja chini, namna jogoo anavyomfanyia mtetea. Mama Kinya alirudi nyuma hadi akagonga ukuta. Kicheko kikaisha.

"Huyu simjui," alisema. "Mimi nilimletea Kananu kuku."

Alikataa chai. Akiwa njiani aligeuka akasema nimtoe kabla msichana hajajifungua. Alisema msichana, hakutaja jina, lakini alitazama nyumba ya Wanjira.

Jumanne, 11 Machi

Daktari wa mifugo alikuja kwa ng'ombe wa Mutuma. Nikamwomba apite kwangu. Ni binti mdogo wa Embu, ana buti kubwa kuliko miguu yake. Alimshika kuku kichwa chini miguu juu, akampapasa, akatabasamu kama aliyeokota kitu.

Alinieleza polepole. Kuku wa kike huzaliwa na mifuko miwili ya mayai, lakini wa kushoto peke yake ndio unaokua. Wa kulia unabaki mdogo, umelala. Ule wa kushoto ukiugua au ukichoka kwa uzee, wakati mwingine wa kulia unaamka. Ukiamka haufanyi kazi ya kike. Unatengeneza mambo ya kiume. Basi kilemba, manyoya, miiba, sauti. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana.

Nilimuuliza kwa nini basi hatujawahi kuona.

"Mzee, huyu ana umri gani?"

Nikamwambia alikuja kabla Mwenda hajaoa.

"Basi ndiyo sababu. Kuku wa kijijini hafiki umri huu. Huwa mmeshamla."

Niliketi juu ya gogo baada yake kuondoka. Kwa hiyo ni mimi. Nimewahurumia hadi wamefika mahali ambapo kuku wa kwetu hawafiki. Kitu kinachotisha kijiji kizima kimetoka kwenye huruma yangu. Bado sijajua nifanye nini na jambo hili.

Jumatano, 12 Machi

Nilimwambia Wanjira yote aliyosema daktari. Alisikiliza hadi mwisho, akimenya ndizi.

"Nimeelewa, Baba. Hata mimi nilisoma biolojia. Lakini daktari halali karibu na hicho kibanda. Ninalala mimi."

Kisha akasema kwao Ishiara nako wanamjua kuku wa namna hiyo, na hawamjui kwa wema. Akasema mimba yake ya kwanza ilitoka bila sababu, na madaktari wakasema ni bahati mbaya, na yeye hataki bahati mbaya nyingine. Kama kuku anabaki, yeye atakwenda kujifungulia kwa mama yake.

Hakusema kwa ukali. Nimeona mkoba wake kitandani, uko wazi, nguo za mtoto zimekunjwa ndani.

Mimba ya kwanza ilipotoka, Kananu ndiye aliyelala naye hospitali. Alirudi na leso ya Wanjira, akaifua mwenyewe usiku huo huo, akaianika ndani ya nyumba ili watu wasiione.

Ishiara ni mbali. Njia ni mbaya. Na sitaki nyumba hii ibaki na mimi na kuku.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekubali. Mutuma atakuja kesho mapema kumchinja. Nimemwambia siwezi mwenyewe, akasema anajua. Nimemwambia ni mwekundu, yule anayewika. Nitaenda soko la Mikinduri, nitarudi jioni.

Jioni nimewapa wali uliobaki. Mama Kinya hakula kwanza. Alidonoa, akaita wenzake, akasimama kando hadi walipokula. Jogoo hufanya hivyo. Nilibaki nimesimama hapo hadi giza likaingia.

Najisikia kama mtu anayemtoa wa kwake nje.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi na sabuni na chumvi. Vitu nilivyokuwa navyo tayari nyumbani.

Mutuma alikuwa ananisubiri, mtu aliyeridhika. Alisema hakupata shida. Alijibanza nyuma ya kibanda kabla ya mapambazuko, akasikiliza. Aliyewika akamnyakua hapo hapo, akamkata, akamzika nyuma ya migomba bila kunyonyoa, kama inavyotakiwa. Wanjira alisimama mlangoni akaona. Baadaye akatoa nguo za mtoto mkobani akazirudisha kwenye sanduku. Amenipikia chai yenye maziwa mengi. Macho yake yamepumzika.

Jua lilipozama nilikwenda kufunga kibanda. Nilihesabu kwa mazoea. Jogoo alikuwa juu ya mti wake wa kulalia. Nikamsogeza aingie ndani zaidi, mkono wangu ukapita mguuni.

Uzi.

Nilimulika kwa simu. Uzi wa sweta ya Mwenda, umejaa matope, umefichwa na manyoya. Ni Mama Kinya.

Mutuma amemchinja jogoo. Aliyewahi kuwaona mama na mwanawe wakiwa wamesimama pamoja angeelewa. Rangi moja, kimo kimoja. Alikwenda kumtafuta anayewika, na aliyewika kwanza ni jogoo, kama jogoo anavyopaswa.

Nilikaa chini kwenye mbolea.

Wanjira alikuwa anaimba jikoni.

Jumapili, 16 Machi

Mwenda amekuja kutoka Maua, bado ananuka miraa, macho mekundu. Anafanya kazi ya kufunga mizigo ya miraa kwa mfanyabiashara mmoja wa huko, na hupata Jumapili peke yake. Alimshukuru ami yake kwa mikono miwili. Akaniambia mimi pia asante, Baba, najua alikuwa wa Mama.

Mama Kinya aliwika mchana, juani, watu wote wakiwa wamekaa uani. Nikashika kikombe kwa nguvu. Mutuma akasema, "Sikia jogoo. Sasa ana nafasi."

Mwenda akasema sauti imekuwa nzito. Wanjira akasema ni kwa sababu sasa ana raha, yule kuku alikuwa anamtisha.

Wote wakakubaliana. Nami nikanywa chai.

Jumatano, 19 Machi

Anawika kila alfajiri. Mimi ninaamka kabla yake na kumsubiri. Wanjira haamki. Asubuhi anatoka amelala vizuri, ananisalimu, anasema mtoto anapiga teke kama mtu anayedai kitu.

Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie. Mara mbili nimeuliza kuhusu chumvi.

Nikimwambia, anaondoka. Nisipomwambia, anakaa, lakini anakaa juu ya uongo wangu. Kananu hakuwa akinificha vitu. Hata habari ya uvimbe wake alinipa siku ile ile, nikiwa nimeshika jembe, kabla ya kunikaribisha ndani.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza. Udongo unanuka vizuri.

Leo jambo limenijia mlangoni. Mama yake Wanjira atakuja kutoka Ishiara mtoto akizaliwa, alete uji. Na mkwe akija hachinjiwi mtetea. Anachinjiwa jogoo. Wanjira na Mwenda wamekwisha panga. Tunaye mmoja, amesema Mwenda, na amenona.

Nimeona yote mara moja. Kuku mezani, tumbo limepasuliwa, na ndani yake yale mayai madogo yaliyokauka. Mkwe, Wanjira, kichanga kwenye leso, wote wakitazama sufuria.

Nilisukuma sahani kando. Wakaniuliza kama naumwa. Nikasema ni meno.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia.

Mwenda amerudi Maua usiku. Nilimkuta Wanjira anapepeta maharagwe. Nikasema moja kwa moja, nimesimama, kofia mkononi. Kwamba Mutuma alikosea. Kwamba anayewika ni yule yule. Kwamba nilijua tangu siku ile.

Ungo ukasimama. Alinitazama kama mtu asiyenijua, na hilo liliniuma kuliko yote ya mwezi huu.

"Ungeniambia siku ile ile, Baba."

Ni hayo tu. Akaweka ungo chini, akaingia kwake, akafunga mlango. Nimesikia sanduku likifunguliwa.

Najua nimekosa. Sina la kujitetea. Nimeandaa nauli ya Ishiara na kuiweka mezani, kwa sababu nikikataa nitakuwa mbaya zaidi. Kesho asubuhi nitamtafutia gari zuri, lenye kiti cha mbele.

Jumanne, 25 Machi

Mvua kubwa alfajiri. Kuku akawika katikati ya mvua. Nilijua mlango wa Wanjira utafunguka na mkoba utatoka kwanza.

Mlango ulifunguka. Alitoka bila mkoba, leso kichwani, akaenda kibandani akachutama. Akakaa hapo muda mrefu. Mimi niko dirishani, naona mgongo wake tu. Kuku alimzunguka akiwa ameburuza bawa. Wanjira hakusogea. Alichukua punje kwenye debe akamtupia.

Kisha akaja kwangu, matope hadi kwenye vifundo.

"Amewika siku hizi zote?"

"Kila asubuhi."

"Na mimi nimelala?"

"Umelala."

Aliweka mkono tumboni. Alifikiri. Alikuwa na uso wa mtu anayerudia hesabu aliyodhani amemaliza.

"Huyu mtoto hajawahi kucheza kama wiki hizi," alisema. "Basi mimi nilikuwa naogopa nini?"

Akasema bado ana hasira na mimi, nisidhani imekwisha. Nikasema ni haki yake. Akageuka kwenda, akarudi.

"Usimwambie Mwenda. Atamwambia Mutuma, na Mutuma atakuja na panga. Nitasema jogoo huyu ni wa mbegu. Mama atanunuliwa mwingine huko Maua."

Nilibaki nimesimama na nauli mezani. Hakuiona, au aliiona akaiacha. Kwa wiki tatu kila kitu kimenishtua, lakini hiki ndicho kilichonikalisha kitini.

Jumapili, 30 Machi

Tumempeleka hospitali jana mchana. Mwenda alifika na gari la miraa la tajiri wake, hatukungoja sana.

Msichana. Wote wawili wazima.

Ameitwa Kananu. Nilijua ataitwa hivyo, wa kwanza wa kike hubeba jina la nyanya yake, si jambo la kupanga. Lakini muuguzi alipolisoma kwa sauti, "Kananu, yuko wapi mama yake Kananu," nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu. Tangu Agosti hakuna aliyelitamka kama jina la mtu anayeitwa aje.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama yake Wanjira amekuja na uji, kibuyu kizima. Tumemchinjia jogoo wa Maua, mweupe, mgumu. Amekula vizuri.

Alipita uani akamwona Mama Kinya akiwaita kuku wenzake kwenye chakula. Akasema mna jogoo mzuri, mbona hamkumchinja huyu. Wanjira akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwa mtoto, kwamba Baba anampenda sana.

Ni kweli.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imepungua. Maharagwe yameota mistari iliyonyooka, na magugu pia.

Mwenda yuko nyumbani. Baada ya chakula alikwenda kutazama mtetea anayeatamia. Kuku huyo alipaswa kuwa na vifaranga tayari. Alitoa yai moja, akalitikisa karibu na sikio, akalirudisha. Akatoa la pili.

"Haya yote yameoza," alisema. "Hata moja halijaanguliwa. Na jogoo tunaye mzima hivi."

Mama Kinya alikuwa juu ya gogo, anajichokora manyoya kwenye jua.

Mimi nilikuwa nanoa jembe. Niliendelea kunoa. Wanjira alikuwa anaanika nguo za mtoto kwenye kamba, mtoto mgongoni, amelala shavu likiwa limelazwa.

"Ni baridi ya mvua," alisema.

Mwenda akakubali. Baridi ilikuwa kali kweli mwezi huu. Nimeyachukua mayai kwenye ndoo, nimeyafukia chini ya migomba.